Klorini pekee haiondoi utando wa bakteria kwenye meza za samaki

HARUFU ya klorini si ushahidi kwamba meza ya kuparia samaki ni safi. Iwe ni katika soko la samaki la Bagamoyo au katika kiwanda cha kusindika minofu, adui aliyejificha ni utando mwembamba wa bakteria, ambao wataalamu huuita bayofilamu.

Utando huo huanza pale bakteria wanaponata kwenye ubao, chuma au plastiki yenye unyevu na mabaki ya damu. Wakishanata, hutoa ute wa sukari na protini unaowafunika. Dawa humwagwa ikaua walio juu, lakini wa chini hubaki hai na kuzaliana upya.

Miongoni mwao ni bakteria wa kipindupindu, ambao majini hushika kwenye maganda ya kamba na viumbe wengine wadogo. Mapema mwaka 1998, hofu ya kipindupindu iliufanya Umoja wa Ulaya kuzuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji hadi katikati ya mwaka huo.

Mwingine ni Listeria, anayeongezeka hata ndani ya jokofu. Mlipuko wa mwaka 2017 na 2018 nchini Afrika Kusini, uliotokana na soseji za poloni, uliua zaidi ya watu 200.

Kinga yake hutegemea utaratibu. Kwanza, mabaki yaondolewe na meza isuuzwe kwa maji safi yasiyo ya moto sana, kwa kuwa joto kali hugandisha protini. Pili, meza isuguliwe kwa sabuni na brashi, hasa kwenye pembe na maungio, kisha isuuzwe.

Hapo ndipo klorini hutumika, kwa kiasi cha miligramu 100 hadi 200 kwa lita ya maji. Ikitangulia, nguvu yake huishia kwenye uchafu. Mwisho, meza iachwe ikauke, kwani bila unyevu utando haukui.

Ubao wenye nyufa hauna budi kubadilishwa, maana brashi haifiki ndani yake. Aidha, meza inayoteleza kidoleni baada ya kuoshwa bado ina ute, na inapaswa kusuguliwa upya kabla samaki mwingine hajawekwa.