Pima Ngapi Hapa?

Ahmad ibn Majid, baharia wa Julfar, aliiweka sehemu kubwa ya elimu yake katika mashairi. Hawiya aliitunga mwaka 1462, na shairi lake jingine, Sufaliya, linaifuata pwani yetu hadi Sofala. Shairi huhifadhika kichwani, na kitabu hakisomeki gizani chombo kikienda mrama.

Mabaharia wa zama zake walipima kwa kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Unauma fundo, unakinga kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Fundo likakwambia umefika wapi, kaskazini au kusini. Lakini nyota yenyewe uichague wewe. Huku chini ya ikweta Nyota ya Kaskazini haionekani, hivyo ilibidi kuzijua nyingine. Siku nazo zilihesabiwa tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya, kwa miongo ya siku kumi kumi, ili ijulikane lini kungoja upepo wa kaskazi na lini kuondoka na wa kusi.

Mimi nafundisha historia Tanga, na elimu hii niliikuta ukingoni mwa kupotea, katika jahazi la baba mdogo. Tukikaribia mwamba, kabla bildi, kamba ya kupimia kina, haijatupwa, baba mdogo humuuliza kijana wa chombo: "Pima ngapi hapa?" Kijana atazame rangi ya maji, akumbuke kama ni bamvua au maji mafu, ajibu. Ndipo risasi ishuke, chini imepakwa shahamu ili ipande na mchanga au tope. Aliyekosea pima mbili alijua alichokosa kukiona. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa shule: kukisia kwanza, kipimo baadaye.

Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na vipokezi vidogo vikawa sahihi zaidi. Vimeokoa roho nyingi, nashukuru. Ila kijana anayevuka kwenda Pemba akitazama simu, nani atamuuliza pima ngapi?

Darasani nako sasa akili mnemba hujibu hata insha. Siikatazi. Nataka mwanafunzi aandike kwanza, kwa mkono wake, kwa nini anadhani Kilwa ilistawi pale ilipo, ndipo aiulize. Wengine huona nawapotezea muda. Wiki chache baadaye walioandika hunieleza habari za Kilwa na pepo bila kufungua daftari. Wenzao huomba simu.