Namba Mbili za Basi Moja: Usajili wa Mabasi ya London

Basi jipya likitoka kiwandani lina namba moja tu, ile ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Kabla halijapakia abiria wa kwanza litapewa nyingine mbili, kila moja na mwenyewe. Namba ya usajili hutoka serikalini, na ndiyo inayosomwa na askari wa barabarani, watu wa bima na watoza kodi. Namba ya kampuni hutolewa na mwenye basi. Huandikwa mbele na ubavuni, na gerejini ndiyo jina la gari. Fundi akieleza kwamba breki zinavuta upande mmoja, au dereva akikabidhiwa gari alfajiri, wanaitaja hiyo. Namba ya njia iliyo juu ya kioo cha mbele ni jambo jingine kabisa, maana hiyo hubadilika kulingana na kazi ya siku.

Uingereza ilianza kusajili magari tarehe 1 Januari 1904, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na DVLA, mamlaka ya leseni za madereva na magari yenye makao yake Swansea, na mfumo unaotumika ulianza Septemba 2001. Chukua LT12 HHT, namba ya basi la London. Herufi L ya mwanzo inaonyesha gari limesajiliwa London, na T inayoifuata inabainisha ofisi. Tarakimu 12 ni kipindi kilichoanza Machi 2012. Gari lililosajiliwa kuanzia Septemba mwaka huohuo lilipata 62, kwa sababu kipindi cha pili cha mwaka huongezewa hamsini. Herufi tatu za mwisho ni za kutofautisha tu. Kibao cha mbele ni cheupe na cha nyuma ni cha njano, liwe gari la biashara au la binafsi. Kwa hiyo Mtanzania aliyezoea cheupe kwa gari la biashara na njano kwa la binafsi asidhani rangi za London zina maana hiyo.

Kampuni za mabasi huagiza magari kwa mkupuo, kwa hiyo wakala huomba mapema namba zinazofuatana. Ugumu unakuja magari yanapochelewa kiwandani, kwa sababu tarehe 1 Machi na 1 Septemba hazimsubiri mtu. Ndiyo maana oda moja inaweza kuingia barabarani na namba za vipindi viwili. Basi LT 2, lililoanza kazi njia ya 38 mwezi Februari 2012, lilisajiliwa LT61 BHT, ilhali ndugu yake LT 8 ndiye aliyepewa ile LT12 HHT. Sheria hapa ni kali upande mmoja tu: kibao kinaweza kulifanya gari lionekane kuukuu kuliko lilivyo, lakini kamwe kisilifanye lionekane jipya zaidi.

Upande wa kampuni hakuna sheria ya nchi, kuna desturi ya nyumba. Kampuni ya London General ilipotengeneza mabasi ya aina ya B kuanzia 1910, iliyapa herufi hiyo na namba ya mfuatano. Mojawapo, B 340, liko leo katika makumbusho ya usafiri ya London, nalo lina usajili wa LA 9928. Ukiziangalia namba hizo mbili, hakuna inayokuelekeza kwa mwenzake. Baadaye zikaja LT, ST, STL, RT na RM, kila aina na herufi zake. Utaratibu huo wa herufi ulibaki hata baada ya huduma kuuzwa kwa kampuni binafsi katika miaka ya 1990. WVL, kwa mfano, ni bodi ya Wright juu ya chesisi ya Volvo yenye sakafu ya chini. Stagecoach ya Scotland, ambayo katika muongo huohuo ilikuwa pia na mabasi ya Kenya Bus jijini Nairobi, iliachana na herufi mwaka 2003, ikatoa namba za tarakimu tano kwa mabasi yake yote ya Uingereza. Zinazoanza na 1 ni za mabasi ya ghorofa, zinazoanza na 5 ni za mabasi ya safari ndefu. Gari likihamishwa mji, namba yake huenda nalo.

Lakini kipindi kinachostahili kutazamwa kwa karibu ni cha Routemaster, basi jekundu la ghorofa lililoundwa hadi 1968. London Transport, iliyoendesha mabasi ya jiji wakati huo, ilitaka namba yake na ya serikali zikubaliane, na Baraza la London, lililokuwa likisajili magari wakati huo, likaitengea mfululizo mzima. RM 5 likawa VLT 5. Herufi zilipobadilika, mpangilio ukaendelea hadi RM 999, lililoitwa WLT 999. Hapo mambo yakakwama. Utaratibu wa wakati ule haukuruhusu tarakimu nne pamoja na herufi tatu, hivyo RM 1000 likapewa 100 BXL, na RM 1001 likaanza upya kama 1 CLT, tarakimu zikitangulia. Tangu hapo zililingana tarakimu tatu za mwisho. RM 1737 ni 737 DYE. Herufi ya mwaka ilipoongezwa mwishoni, RM 2217 likawa CUV 217C, na la mwisho kabisa, RML 2760, likapata SMK 760F. Aliyeona kibao nyuma aliijua namba ya kampuni bila kuzunguka mbele.

Hata hivyo, mpangilio huo mzuri ulificha jambo moja. Mabasi ya London yalifanyiwa matengenezo makubwa katika karakana ya Aldenham, iliyofungwa 1986. Bodi ilinyanyuliwa kutoka kwenye chesisi, na kila upande ukashughulikiwa peke yake. Kwa kuwa kodi ya barabara ilikuwa imelipiwa namba, basi lililolala karakanani kwa wiki kadhaa lingekuwa hasara. Basi hapo ndipo mafundi walipofanya mabadilishano: gari chakavu lilipoingia asubuhi, namba zake zote mbili na stika ya kodi vilihamishiwa kwenye gari lililokwisha kutengenezwa, likatoka siku hiyohiyo. Dereva aliyeleta RT fulani alirudishiwa namba ileile kwenye chuma kingine. Routemaster halikuwa na chesisi ya kawaida, lakini nalo lilipitia hayohayo. Wanaohifadhi mabasi haya leo hutafuta namba ya bodi, kwa sababu ndiyo inayosema chuma hicho kiliwahi kuitwa nani.

Namba za VLT na WLT hazikuonyesha mwaka, na hilo likazipa thamani yake. Routemaster zilipokuwa zikistaafu, kampuni kadhaa zilizivua vibao hivyo zikaviweka kwenye mabasi ya safari ndefu ili umri wa mabasi hayo usijulikane, na Routemaster mzee akasajiliwa upya kwa namba nyingine.

Mbinu hiyohiyo imewasaidia waendeshaji wa Routemaster mpya, aina ya yale mabasi LT 2 na LT 8 ya mwaka 2012. Baada ya magari nane ya mwanzo walitumia namba za mtindo wa Ireland ya Kaskazini, ambazo hazina tarakimu za mwaka na zinaruhusu tarakimu nne baada ya herufi. LT 9 likasajiliwa LTZ 1009. Kwa mara nyingine fundi wa gereji anaweza kusoma kibao cha nyuma, akatoa elfu moja, akajua ni gari gani limeingia.