Mgongo wa Maleba

Tamasha la drama la shule za Kenya lilianza mwaka 1959, na kwa miongo mingi maleba yake yalikuwa na uso bila mgongo. Nasema hivyo kama mwalimu wa Kiswahili niliyestaafu hapa Kakamega baada ya kukoroga uji mwingi wa ngano wa kubandikia magazeti. Ukuta wa ikulu ulikuwa katoni zilizopakwa rangi upande wa hadhira tu. Ukizunguka nyuma ya jukwaa, ulikutana na jina la Mumias kwenye magunia ya sukari tuliyoshikizia. Kiwanda kile kilianza mwaka 1973, na magunia yake yalituvalisha wafalme, majaji na hata chui.

Hakuna aliyelalamika. Mtazamaji alikaa mbali, shule ilipewa muda mfupi wa kupanga jukwaa na kulibomoa, na kalenda haikumngoja mtu: mashindano ya chini yakishaanza, Aprili ya taifa hiyo yaja. Rangi ikiwa bado mbichi, mwigizaji aliambiwa asiegemee. Kazi yetu ilikamilishwa na tarehe, si na fundi. Shule ikitolewa mapema, kitu kilibaki pale kilipofikia. Mwaka 2020 vilibaki hivyo nchi nzima, shule zilipofungwa katikati ya Machi kwa sababu ya Korona.

Ngoma ya isukuti tu ndiyo haikuwahi kuwa ya kuigiza. Ngoma ya katoni hailii, na Mwisukha au Mwidakho, wenye ngoma hiyo, akiwa ukumbini angekucheka hadharani. Ile ilikuja nzima, gogo lililochongwa na ngozi ya kenge, miaka mingi kabla ya UNESCO kuiweka dansi yake kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mwaka 2014.

Halafu mwaka 2012 filamu ikaingia tamashani. Kamera haikai safu ya kumi. Inasogea, inazunguka, inachungulia hadi mshono. Tangu hapo naona sisi wenye kupenda kutengeneza vitu hivi tumeanza kumaliza migongo, na mgongo hauishi.

Chukua mtambo ulio stoo kwangu. Ni wa kupondea mawe ya dhahabu, wa aina ya machimbo ya zamani. Niliuanza kwa mchezo kuhusu 1932, Wazungu walipokuwa wamemiminika Kakamega kusaka dhahabu na serikali ya kikoloni ikaigeuza sheria yake ya 1930 ya ardhi ya Waafrika, ili ardhi itwaliwe kwa uchimbaji bila jamii kupewa nyingine badala yake. Jukwaani zilitosha nguzo mbili za mkaratusi, nyundo za mabati ya madebe, na mwanafunzi nyuma ya pazia akigonga sufuria. Watu waliruka vitini.

Nilipostaafu nikataka nyundo zipande na kushuka zenyewe. Ziko tano. Kila moja huinuliwa na kikono kilichokazwa kwenye mhimili unaozunguka, na lazima vikono vipishane, la sivyo nyundo zote hupanda kwa mpigo mmoja, mhimili ukagoma. Vya mbao laini vililika. Vya mbao ngumu vikaupasua mhimili. Sasa nataka vya chuma, na fundi wa jua kali kabla ya kutaja bei huuliza kwanza hicho kitu kinasaga nini. Nikimwambia hakisagi kitu, bei inapanda.

Mama watoto anadai stoo yake ya mahindi. Ana haki. Lakini mtambo wa jukwaani ulikuwa na watu wa kuutazama kwa mbali. Huu nautazama mimi, nikiwa nimeinama juu yake na tochi.

Majuzi mwalimu mmoja kijana alikuja kuuazima kwa filamu ya shule yake. Nikamuuliza kamera itakaa upande gani.

"Pande zote, mwalimu."

Nikamwambia arudi mwakani.