Usiku wa Jazz na Wapenzi Waliouhifadhi

Buddy Bolden alipiga koneti New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, na wazee waliomsikia walisimulia jinsi mlio wake ulivyovuka mitaa. Mwaka 1907 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo hadi kifo chake mwaka 1931. Imebaki picha moja tu ya bendi yake. Sauti yake haipo. Wakusanyaji wameitafuta kwa miaka mingi silinda ya nta inayodaiwa kurekodiwa na bendi hiyo, wasiipate. Santuri ya kwanza ya jazz ilirekodiwa na kampuni ya Victor mjini New York tarehe 26 Februari 1917, na waliopiga walikuwa vijana weupe wa Original Dixieland Jass Band. Watu weusi walioulea muziki huo walisubiri miaka kadhaa ndipo studio ziwafungulie mlango kwa dhati.

Naanza na pengo hilo kwa sababu linaeleza kazi ya wakusanyaji kuliko orodha yoyote ya santuri adimu. Kampuni zilirekodi kilichouzika. Jazz ilikuwa muziki wa kubuni papo kwa papo, na sehemu kubwa ya ubora wake ilitokea usiku, ukumbini, mbali na studio. Tunachokijua leo kuhusu usiku huo tumekipata kwa wapenzi, wengi wao vijana wasio na fedha wala cheo, waliobeba mashine zao wenyewe.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa santuri yenyewe. Ile ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua takriban dakika tatu kila upande. Mpiga saksofoni aliyezoea kujimwaga mbele ya wacheza dansi mpaka atosheke, studio ilimpa nusu dakika na kumpisha mwenzake. Kisha ukaja mgomo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kiliwazuia wanachama wake kurekodi hadi kampuni zikubali kutenga fungu kwa wanamuziki walionyang'anywa kazi na redio na mashine za kupigia santuri. Decca ilikubali Septemba 1943. Victor na Columbia zilikaza hadi Novemba 1944. Madai yale yalikuwa ya haki, na nayaunga mkono hadi leo. Ila ni katika miezi hiyohiyo bendi ya mpiga piano Earl Hines ilikuwa na mpiga saksofoni Charlie Parker, mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na mwimbaji Sarah Vaughan kwa pamoja, na hakuna kampuni iliyoirekodi.

Mmoja wa wapenzi waliobeba mashine zao, Jerry Newman, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1941 alikuwa akibeba mashine ya kukatia santuri hadi Minton's Playhouse, Mtaa wa 118 huko Harlem, ambako Thelonious Monk alipiga piano na Kenny Clarke alikuwa kwenye dramu. Mwezi Mei alimrekodi mpiga gitaa Charlie Christian. Kwa Benny Goodman, aliyekuwa mwajiri wake, Christian alipewa nafasi fupi za kupachika ndani ya mpangilio wa bendi kubwa. Pale Minton's alipiga mzunguko juu ya mzunguko, kila mmoja ukiwa na wazo jipya, na Clarke akimchokoza kwa dramu. Rekodi moja inaanza wimbo ukiwa umeshika kasi, kana kwamba mtu amefungua mlango akakuta shughuli imekolea. Tarehe 2 Machi 1942 Christian alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 25. Bila yule mwanafunzi tungemjua kwa vipande tu.

Miezi kadhaa kabla ya rekodi hizo za Minton's, tarehe 7 Novemba 1940, vijana wawili wapenzi wa redio, Jack Towers na Dick Burris, waliomba ruhusa ya kumrekodi kiongozi wa bendi Duke Ellington kwenye dansi katika ukumbi wa Crystal Ballroom, Fargo, jimbo la North Dakota. Haukuwa usiku wa heshima maalumu. Bendi ilikuwa safarini, mpiga tarumbeta Cootie Williams alikuwa ameondoka, na Ray Nance aliyechukua nafasi yake alikuwa na siku chache tu kazini. Lakini kwenye besi alikuwepo Jimmy Blanton, aliyefariki mwaka 1942 akiwa na miaka 23, na kwenye saksofoni ya tena Ben Webster. Santuri rasmi za Ellington za mwaka huo ni kazi za sonara. Za Fargo zina jasho: wanamuziki wanaitana, nyimbo zinarefushwa kwa ajili ya watu walio sakafuni. Zilitoka rasmi mwaka 1978 na baadaye zikatunukiwa tuzo ya Grammy. Kwangu hakuna rekodi inayomkaribia Ellington zaidi ya hiyo.

Si kila mpenzi alihifadhi kwa ukarimu. Dean Benedetti, naye mpiga saksofoni, alianza kumfuata Charlie Parker mwezi Machi 1947 katika kilabu cha Hi-De-Ho, Los Angeles, na mwaka uliofuata akamrekodi New York. Ili asimalize santuri na kanda zake, aliwasha mashine Parker alipoanza solo na kuizima alipomaliza. Wenzake wamekatwa, mara nyingi hata kiini cha wimbo kimekatwa. Benedetti alifariki Italia mwaka 1957, na rekodi zake zilitoka mwaka 1990 kupitia kampuni ya Mosaic. Ukisikiliza mfululizo unapata Parker mtupu, wazo moja likimeza jingine, na unajifunza mengi kuhusu akili yake. Lakini jazz ni mazungumzo, na hapo tumesikilizishwa mzungumzaji mmoja.

Filamu zina hadithi ngumu zaidi, maana kamera haikubebeka kwa urahisi. Mwimbaji wa bluzi Bessie Smith anaonekana katika filamu moja tu, *St. Louis Blues* ya mwaka 1929, iliyoongozwa na Dudley Murphy. Kati ya mwaka 1940 na 1947 zilitengenezwa filamu fupi zaidi ya 1,800 zilizoitwa Soundies, za kuonyeshwa kwenye mashine ya Panoram katika baa na migahawa. Mteja alitumbukiza senti kumi akaona wimbo mmoja. Filamu nane ziliungwa kwenye mkanda mmoja, hivyo hakuweza kuchagua. Kwa kuwa Panoram ilitumia vioo, nakala zake zilichapwa kinyume, na mkusanyaji anayeziweka kwenye projekta ya kawaida huwaona wanamuziki wakipiga kwa mkono wa kushoto. Biashara ilipokufa, nakala ziliuzwa kwa watu binafsi, na ndivyo tunavyoweza leo kumtazama mpiga piano Fats Waller akinyanyua nyusi. Ernie Smith, aliyeanza kusaka filamu kwa sababu ya mapenzi yake kwa dansi ya lindy hop, alikusanya hazina ambayo sasa iko katika taasisi ya Smithsonian.

Filamu ninayoitukuza kuliko zote ni kipindi cha televisheni, *The Sound of Jazz*, kilichorushwa na CBS tarehe 8 Desemba 1957. Billie Holiday anaimba. Mpiga saksofoni Lester Young, mgonjwa na dhaifu, anasimama kupiga mzunguko mmoja wa bluzi. Kamera inamgeukia Billie anayemtazama akitikisa kichwa taratibu. Wote wawili walifariki mwaka 1959. Na kutoka filamu ya *Satchmo the Great* ya mwaka huohuo wa 1957 tunaye mpiga tarumbeta Louis Armstrong mjini Accra, akimpigia Kwame Nkrumah aliyeketi mbele yake, miezi kadhaa kabla ya uhuru wa Ghana.

Swali la haki haliepukiki. Wanamuziki wengi waliorekodiwa hivi hawakulipwa, na warithi wao wana madai. Bill Savory, fundi wa sauti, alinasa matangazo ya redio ya New York mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwaka 1940 kwenye santuri karibu 1,000, akazifungia hadi kifo chake mwaka 2004. Makumbusho ya Taifa ya Jazz ya Harlem yalizipata mwaka 2010, nyingine zikiwa zimeharibika, na utata wa hakimiliki ukazuia kuzitoa kwa umma hadi mwaka 2016. Mimi nadhani sheria ingeweza kuwalipa warithi na kuwafungulia wasikilizaji kwa wakati mmoja, maana kilichofichwa humo kinabadilisha tunachokijua. Coleman Hawkins alirekodi "Body and Soul" studioni tarehe 11 Oktoba 1939, takriban dakika tatu ambazo kila mpiga saksofoni alizikariri. Savory alimnasa mwaka 1940 akipiga wimbo uleule kwa karibu mara mbili ya muda huo, na pale santuri rasmi inapofikia kikomo Hawkins bado anapanda, akijenga mizunguko ambayo studio haikuwa na nafasi nayo.