Skrubu iliyogoma na meli iliyopakwa grisi

Wiki hii tunaandika juu ya skrubu. Msicheke kwanza. Hapa Juba kuna vijana wanaovua kwenye Nile kwa mshipi, na mara mojamoja inajitokeza rili ya zamani, ile mashine ndogo ya kukunjia mshipi, imetoka kwa mzee fulani au imekuja na mitumba. Haizunguki. Ndani ni gia na springi tu, inataka kuoshwa na kupakwa mafuta. Lakini kufika ndani lazima skrubu zote zifunguke, na mbili zimegoma kabisa.

Hapo ndipo rili nyingi hufia. Mtu anachukua bisibisi isiyokaa sawa, anakaza mkono, kichwa cha skrubu kinalika, kwisha. Anaenda Konyokonyo kutafuta nyingine na hapati. Kwa nini hapati? Hiyo sasa ni historia.

Zamani kila karakana ilikata meno ya skrubu zake kivyake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth akapendekeza kipimo kimoja, meno ya nyuzi 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers wa Philadelphia akaleta chake cha nyuzi 60. Wengine wakaenda na milimita. Hardy, iliyoanza Alnwick kaskazini mwa Uingereza mwaka 1872, na Penn, iliyoanza Philadelphia mwaka 1932, zilitengeneza rili kila mmoja kwa desturi ya kwao. Rili za namna hiyo zilikuja Afrika Mashariki na Wazungu waliovua kwa starehe (Hemingway mwenyewe alivua Malindi mwaka 1934). Skrubu za sokoni leo nyingi ni za milimita. Unaona kabisa kama inaingia, kumbe haiingii, na ukiilazimisha inakula meno ya kwenye fremu. Kwa hiyo ile ya zamani lazima itoke ikiwa nzima.

Inayoishika si kutu peke yake. Skrubu ya chuma ikikaa ndani ya aluminiamu, maji yakapita katikati, hizi metali mbili zinaanza kulana, na unga mweupe unajaa kwenye meno. Maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi. Basi safisha kwanza mfereji wa kichwa kwa sindano. Tafuta bisibisi inayoujaza mfereji wote. Kama hakuna, chonga moja kwa tupa. Weka tone la mafuta ya taa, uache mpaka kesho. Gonga taratibu mgongo wa bisibisi kwa nyundo ndogo. Halafu, hili wengi hawaamini, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze, nenda na kurudi. Joto la chuma cha kulehemu kwenye kichwa linasaidia, lakini kama ubavu wa rili ni ile plastiki ngumu ya zamani, bakelaiti, achana na moto, itapasuka.

Mafundi wetu wanasema kosa si la anayefungua, ni la aliyefunga mara ya mwisho bila grisi. Tunakubaliana nao, na ushahidi tunaoupenda uko Ziwa Tanganyika.

Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000 mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walikuwa wanaukimbia mji, na meli ikatakiwa izamishwe isichukuliwe na adui. Mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg, akiwemo Anton Rüter, walizipaka mashine grisi nene kabla ya kuizamisha tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Karibu miaka minane baada ya kuzamishwa, na mashine bado zilifaa! Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mwaka 1997 Liemba ilirudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 iliwachukua Warundi waliokwama Kagunga ikawapeleka Kigoma. Mashine zake za mvuke zilishabadilishwa na za dizeli zamani, hatudanganyi. Lakini bila ile grisi, nani angejisumbua kurudisha kazini chuma kilichooza?

Ndugu zetu wa mashirika, jenereta na pampu za maji mnazotuachia ni hadithi ileile. Mradi ukiisha, kuna siku mtu wa hapa atazifungua.

Na rili ikishafunguka, zipange skrubu kwenye karatasi kwa mfuatano wake, maana urefu unatofautiana. Kabla ya kurudisha, kila moja ipate grisi kidogo kwenye meno. Ile ya beringi za pikipiki inatosha. Kaza mpaka ishike tu, usiongeze.