UZI: Njano, nyekundu na bunduki. Vile Thailand ilijifunza kuogopa kura

1/ Siasa ikichemka humu, hoja tatu hazikosi. "Waandamanaji wamelipwa." "Watu wa mashambani hawajui wanachopigia kura." "Afadhali jeshi lishike nchi miaka miwili, lisafishe, kisha turudi kwa uchaguzi." Leo tuzipime kwa nchi iliyozijaribu zote tatu: Thailand. Kama kawaida yetu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Mtawajua kwa rangi.

2/ Msingi kwanza. Hadi Juni 1932 mfalme alitawala bila katiba. Kikundi cha maafisa wa jeshi na raia wasomi kikamlazimisha akubali katiba, karibu bila damu. Shida ni kwamba demokrasia iliingia kwa mlango wa jeshi, na jeshi halikusahau njia ya mlango huo. Tangu hapo kumekuwa na mapinduzi yasiyopungua 12 yaliyofaulu, na katiba iliyopitishwa 2017 ni ya 20. Fanya hesabu mwenyewe katiba moja huishi miaka mingapi.

3/ Oktoba 1973. Watu 13 wanakamatwa kwa kudai katiba. Wanafunzi wanajaa Chuo Kikuu cha Thammasat, Bangkok, kisha mamia ya maelfu wanaingia barabarani. Jeshi likafyatua risasi na zaidi ya watu 70 wakafa. Lakini watawala wa kijeshi walitoroka nchi. Kwa mara ya kwanza wanafunzi waliangusha serikali. Shikeni hiyo, kwa sababu miaka mitatu baadaye walilipishwa.

4/ Mimi nasoma sayansi ya siasa, na kama kuna tarehe moja ningetaka kila mtu humu aijue ni 6 Oktoba 1976. Majirani wa Thailand, yaani Vietnam, Laos na Kambodia, walikuwa wamechukuliwa na wakomunisti mwaka mmoja kabla. Matajiri na maafisa wa Bangkok waliingiwa na hofu. Kukaundwa vikundi vya "wazalendo": vijana wa vyuo vya ufundi, vikundi vya vijijini vilivyofunzwa na polisi. Kazi yao ilikuwa kutisha wanafunzi, wakulima waliojipanga na vyama vya wafanyakazi.

5/ Angalieni vile maneno yalitangulia risasi. Mtawa mmoja maarufu wa Kibudha alisema hadharani kwamba kuua wakomunisti si dhambi. Redio ya kikosi cha vifaru cha jeshi ilirudia kila siku kwamba wanafunzi si Wathai wa kweli. Septemba, dikteta wa zamani akarudi nchini amevaa joho la utawa. Wafanyakazi wawili wa shirika la umeme wakaenda kubandika mabango ya kumpinga. Walipatikana wamenyongwa.

6/ Wanafunzi wa Thammasat wakaigiza mauaji hayo chuoni. Picha ya mwigizaji aliyening'inia ikatoka gazetini, ikadaiwa anafanana na mwana wa mfalme. Redio ikashika moto: wamemtusi mfalme! Alfajiri ya tarehe 6 polisi na makundi yale yakavamia chuo. Hesabu rasmi ni watu 46 waliouawa. Miili mingine ilitundikwa mitini na kupigwa huku umati ukitazama. Kuna picha ya mtu anaupiga mwili kwa kiti na nyuma yake watu wanatabasamu. Ilishinda tuzo ya Pulitzer 1977.

7/ Jioni hiyo hiyo jeshi likachukua nchi "kurudisha utulivu". Walioshtakiwa ni nani? Wanafunzi. Mwaka 1978 ukaja msamaha uliowatoa wanafunzi jela, na kwa mpigo huo ukawafunika wauaji pia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuhukumiwa. Maelfu ya vijana wakakimbilia msituni kujiunga na wapiganaji wa kikomunisti, yaani serikali iliwatengeneza wale wale iliosema inawaogopa.

8/ Mei 1992 nitapita haraka. Jenerali wa mapinduzi ya 1991 alikuwa ameahidi hataki uwaziri mkuu, kisha akauchukua. Watu wa tabaka la kati wakaingia barabarani, zaidi ya 50 wakauawa. Mfalme akawaita wapinzani wawili mbele ya kamera, wakapiga magoti, na jenerali akajiuzulu. Hapo wengi walidhani jeshi limerudi kambini kabisa. Katiba ya 1997 ilipewa jina "ya wananchi".

9/ Sasa aingie bilionea wa simu. Alishinda 2001 kwa ahadi rahisi: matibabu kwa baht 30 kila ukienda hospitali, na mkopo wa baht milioni 1 kwa kila kijiji. Na akatekeleza. Watu wa kaskazini na kaskazini-mashariki, waliozoea kuonwa wakati wa kampeni pekee, wakaona kura inaleta daktari. 2005 chama chake kikapata viti 377 kati ya 500.

10/ Lakini msimchore kama malaika. "Vita dhidi ya dawa za kulevya" vya 2003 viliacha zaidi ya watu 2,500 wameuawa kwa miezi mitatu. Oktoba 2004, Tak Bai, kusini kwa Waislamu, wanajeshi waliwarundika waandamanaji kwenye malori, na 78 wakafa kwa kukosa hewa. Halafu Januari 2006 familia yake ikauza kampuni ya simu kwa Singapore kwa karibu baht bilioni 73, bila kulipa kodi. Hasira ya watu wa Bangkok haikuwa ya kukodiwa. Ilikuwa na sababu.

11/ Hapo ndipo mashati ya njano yalizaliwa. Njano ni rangi ya siku aliyozaliwa mfalme wa wakati huo, Jumatatu. Kuivaa kulisema: sisi ni watiifu, nyinyi je? Ukishafanya rangi ya taifa kuwa sare ya upande mmoja, anayekupinga si mpinzani tena, ni msaliti. Aprili 2006 upinzani ukasusia uchaguzi, mahakama ikaufuta. 19 Septemba bilionea akiwa New York, vifaru vikaingia Bangkok. Watu waliwapa wanajeshi maua na kupiga picha nao.

12/ Jeshi lilisafisha? Chama kilivunjwa, viongozi 111 wakapigwa marufuku miaka 5. Desemba 2007 uchaguzi ukaja, na chama mrithi kikashinda. Njano wakarudi barabarani. 2008 waziri mkuu mmoja aliondolewa na Mahakama ya Katiba kwa kulipwa kwenye kipindi cha mapishi cha televisheni. Nasema mapishi, hamjasoma vibaya. Njano wakakalia ofisi za serikali kwa miezi, kisha mwishoni mwa Novemba wakafunga uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kwa siku 8. Mahakama ikavunja chama kingine, nao wakaondoka wakishangilia.

13/ Na walidai nini? Viongozi wao walipendekeza bunge ambalo asilimia 70 wateuliwe na 30 tu wachaguliwe. Hii ndiyo hoja ya "watu wa mashambani hawajui" ikiandikwa kama sera. Mtaani wekundu waliitwa "nyati", tusi la Kithai la mtu mjinga anayevutwa kwa kamba puani. Lakini ukimwuliza mkulima wa Isan kwa nini alipiga kura vile, angekuonyesha risiti ya hospitali ya baht 30. Huyo mtu alijua hesabu yake vizuri sana.

14/ Mashati mekundu wakajibu kwa njia zile zile. 2009 walivamia mkutano wa viongozi wa eneo hilo mjini Pattaya, ukavunjika. Machi 2010 wakaja Bangkok kudai uchaguzi, wakapiga kambi hadi mtaa wa maduka ya kifahari wa Ratchaprasong, na vizuizi vya mianzi na magurudumu. Kati yao kulikuwa na watu wenye silaha, hilo tusifiche. 10 Aprili peke yake watu zaidi ya 20 walikufa, raia na wanajeshi. Jeshi likatangaza sehemu fulani za mji kuwa eneo la risasi za moto.

15/ 19 Mei kambi ikavunjwa. Jumla ya waliokufa ilipita 90, wengi wao raia, na karibu 2,000 kujeruhiwa. Jumba la maduka la CentralWorld likaungua. Watu 6 waliuawa ndani na nje kidogo ya hekalu lililotangazwa kuwa mahali salama, mmoja wao akiwa muuguzi wa kujitolea. Mwaka 2013 mahakama ilisema risasi zilitoka upande wa wanajeshi. Aliyefungwa kwa hilo? Hakuna. Na baadhi ya watu wa Bangkok walitoka na mifagio kuosha barabara, kama vile kilichokuwa hapo ni takataka.

16/ 2011 kura ikapigwa, dada wa bilionea akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke. Sawa. Lakini Novemba 2013, kama saa kumi alfajiri, wabunge wake wakapitisha mswada wa msamaha kwa wote: kaka yake arudi, na walioamuru risasi za 2010 wasiguswe. Hata wekundu walihisi wameuzwa. Upinzani ukatoka na firimbi, ukafunga Bangkok Januari 2014, ukazuia watu kupiga kura 2 Februari. Mahakama ikafuta uchaguzi kwa sababu haukufanyika siku moja nchi nzima. Waliouzuia ndio wakafaidika.

17/ 22 Mei 2014 mkuu wa jeshi aliwaita pande zote kwenye ukumbi wa jeshi wapatane. Waliposhindwa kuelewana, akawaambia basi nachukua nchi. Wakakamatwa pale pale. "Miaka miwili ya kusafisha" ikawa mitano kabla ya uchaguzi.

18/ Na vitisho vya siku hizi havihitaji vifaru. Majina yalisomwa kwa televisheni, ujisalimishe kambini "kurekebishwa mtazamo" hadi siku 7. Mkusanyiko wa kisiasa wa watu 5 ulikuwa kosa hadi Desemba 2018. Wanafunzi walikamatwa kwa kula sandwichi hadharani kama ishara ya kupinga. Kundi moja la Facebook lilijiita wakusanya takataka, likachimba maandishi ya watu na kuwaripoti polisi ama kwa waajiri wao. Askari anapiga simu kwa mama yako: "Mwanao tunamjua." Hiyo simu ni bei rahisi kuliko risasi na inafanya kazi ile ile.

19/ Agosti 2016 wakapigia kura katiba mpya. Kuifanyia kampeni ya kupinga kungeweza kukuletea hadi miaka 10 jela. Ikapita kwa asilimia 61. Ndani yake: maseneta 250 walioteuliwa kwa mkono wa jeshi walipewa kura ya kuchagua waziri mkuu pamoja na wabunge 500, hadi 2024. Yaani hata ungeshinda, bado kulikuwa na kufuli.

20/ 2020, chama kilichopendwa na vijana kilipovunjwa, wanafunzi walirudi barabarani. Agosti, Thammasat ile ile, wakasoma madai 10 kuhusu ufalme, jambo ambalo halikuwa limesemwa wazi hivyo. Novemba walijikinga na maji ya polisi kwa mabata makubwa ya mpira. Jibu likawa Kifungu 112: kumkashifu mfalme, miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Zaidi ya 250 wameshtakiwa. Januari 2024 mtu mmoja alifikishiwa kifungo cha miaka 50 kwa maandishi ya Facebook.

21/ Mei 2023 warithi wa chama kile wakaongoza kwa viti 151. Kufuli ikafungwa: mgombea wao alipata kura 324, akihitaji zaidi ya 370. Na 22 Agosti bilionea akarudi baada ya miaka 15 ugenini. Siku hiyo hiyo mgombea wa chama chake akawa waziri mkuu kwa kura za washirika wa majenerali. Wakubwa wa njano na wakubwa wa nyekundu wakala sahani moja. Mwaka uliofuata chama cha vijana kikavunjwa. Na Oktoba 2024 muda wa kesi ya Tak Bai uliisha bila mshtakiwa hata mmoja kufika mahakamani.

22/ Turudi kwa zile hoja. "Wamelipwa": ndio, pesa ilikuwepo pande zote mbili. Lakini hakuna posho inayomfanya mtu alale barabarani wiki tisa mbele ya bunduki. Ukisema wamelipwa, umekataa kuuliza wanataka nini. "Hawajui": walijua. Waliosema hivyo ndio waliogopa hesabu ya kura. "Jeshi lisafishe": lilisafisha 1976, 1991, 2006 na 2014. Uchafu ulirudi na kutuzwa, na kila mara msamaha wa kwanza ulikuwa wa wenye ufagio.

23/ Ninachoshikilia mimi ni hiki. Kuandamana ni haki, na njano na nyekundu wote walikuwa nayo. Demokrasia ya Thailand iliumia pale upande mmoja ulipoona heri mwamuzi mwenye bunduki kuliko kushindwa kwa kura, na pale waliopiga risasi walipojifunza kwamba hakuna bili itakayokuja. Kabla ya hayo yote kulikuwa na neno: mkomunisti, nyati, takataka. Ukiona neno kama hilo linaanza kuzoeleka kwa upande wako, na nasema upande wako, si wao, hapo ndipo pa kusema hapana. Ni mapema, na bado haina gharama.

24/ Nimemaliza. Pingeni, ongezeni, sahihisheni tarehe, lakini njooni na hoja. Uzi ujao: kwa nini mahakama za katiba huvunja vyama, na lini zinakuwa na haki ya kufanya hivyo.