Mwakitolyo na Swali la Nani Alitangulia

Mjadala wa dunia kuhusu watu wa asili ulizaliwa mbali na Usukuma. Utafiti wa José Martínez Cobo, alioufanyia Umoja wa Mataifa na kuukamilisha miaka ya 1980, uliwatambua kama wazao wa jamii zilizokuwapo kabla ya uvamizi na ukoloni. Marekani na Australia, ambako wavamizi walikuja kwa meli wakabaki, kipimo hicho kinaeleweka. Mwakitolyo, huko huko Usukuma katika wilaya ya Shinyanga, kinakwama. Nadai zaidi ya hapo: tukiking'ang'ania, kitawaumiza wale wale tunaotaka kuwalinda.

Msukuma si mtu wa jamii ndogo. Kabila lake ndilo kubwa kuliko yote Tanzania. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo, halikuandikwa kwa kumfikiria yeye. Hata hivyo, utazame mji wake kabla dhahabu haijaonekana. Uzio ni wa minyaa, makaburi ya wazee yako papo hapo nyumbani, mbondeni kuna majaluba ya mpunga, na pembeni kuna ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili ndama na maksai wapate majani kiangazi. Dhahabu ikionekana, rashi, yaani mmiminiko wa wachimbaji, inaingia. Mashimo yaitwayo maduara yanachimbwa, makarasha ya kusaga mawe yananguruma mchana kutwa, na viroba vya mawe vinagawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na mwenye shamba. Mwenye shamba hupata fungu lake mawe yakiwapo. Yakiisha, wengine huhamia kwingine. Yeye hubaki na mashimo.

Sheria inasema nini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na miliki inayotolewa na serikali. Lakini madini yaliyo chini ya miguu ya mwenye hakimiliki hiyo ni mali ya taifa. Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye leseni apate idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba karibu na nyumba au shamba. Papo hapo inaruhusu serikali kuiweka kando idhini hiyo ikiona imenyimwa bila sababu ya msingi. Na ngitili, isiyo na zao wala jengo, ni rahisi mthamini kuihesabu kama pori tupu.

Kuna wanaoshawishika kujibu kwamba Wasukuma nao wadai haki kwa hoja ya kutangulia. Hoja hiyo ni ya hatari. Geita ilikuwa nchi ya Wazinza kabla Wasukuma hawajahamia kwa wingi, wakihimizwa pia na mpango wa maendeleo wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wa Kisukuma na Wabarabaig waliondolewa Ihefu wakasukumwa hadi Lindi. Katika bonde la Eyasi, Wahadzabe, jamii ya wawindaji, wanalalamika kwamba mifugo ya wageni, ya Wasukuma ikiwamo, inamaliza maji na kufukuza wanyama wanaowategemea. Anayeshinda Mwakitolyo kwa hoja ya ukabila atafukuzwa nayo Ihefu.

Kikosi kazi cha Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kiliona mtego huu mwaka 2003, kikaweka mkazo kwenye uhusiano wa jamii na ardhi yake na kwenye kutengwa kwake, badala ya nani alifika kwanza. Kwa mkondo huo Waendorois wa Kenya walishinda kesi ya Ziwa Bogoria, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, hapo Arusha, ikawapa haki Waogiek wa msitu wa Mau. Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na wanaihitaji kuliko Msukuma, kwa sababu kuwinda na kuchimba mizizi hakuachi alama ambayo afisa ardhi amezoea kuiona. Kipimo kimoja hakimaanishi ulinzi ulio sawa kwa wote.

Kwa Shinyanga, basi, nashauri mambo mawili. Vijiji vyenye ngitili vipewe hati za kimila za pamoja kama Yaeda Chini kabla leseni hazijatolewa. Na Bunge liifute nafasi ya kupuuza idhini ya mkaaji popote ambapo mkutano mkuu wa kijiji haujaitishwa ukasikilizwa.